Kisanduku cha "Andika": usikubali programu ikuamulie

Wadau, leo nataka tuongee juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo, kiasi kwamba hata kwenye mafunzo hupewa dakika tano tu kabla ya chai: jinsi ya kupanga kusoma na kuandika faili ndani ya zile programu za kuunganisha mifumo kwa kuchora. Najua mada hii haivutii kama habari za simu mpya au akili bandia. Lakini katika kuzunguka huku kwetu, kuanzia Isebania na Kehancha upande wa Migori hadi Oyugis na Mbita upande wa Homa Bay, nimeona data ikipotea, na mara nyingi haikupotelea kwenye intaneti wala kwenye hifadhidata. Ilipotelea kwenye kisanduku kidogo cha kuandika faili, ambacho mtu alikivuta kwa mausi, akakiunganisha kwa mshale, akajaza jina la faili, akabonyeza sawa, akaenda zake.

Maoni yangu nayasema mapema ili tusizungushane. Kila mpangilio ulio ndani ya kisanduku hicho ni uamuzi kuhusu data ya nani itabaki na ya nani itafutika. Ukikiacha kama kilivyokuja, hujaukwepa uamuzi. Umemwachia mhandisi wa mbali ambaye hajawahi kusikia jina la Ndhiwa.

Kwa wale wageni wa mambo haya, nieleze kidogo. Programu za aina hii hukupa ukurasa mweupe na visanduku pembeni. Unavuta kisanduku cha "soma faili", unavuta kingine cha "badilisha", kingine cha "andika", unaviunganisha kwa mistari, na data inapita kama maji kwenye mfereji. Maarufu ni Mule, ambayo huchorwa ndani ya Anypoint Studio, Apache NiFi na Node-RED. Jina la Mule lina hadithi yake: mwanzilishi wake, Ross Mason, aliona kwamba kuunganisha mifumo ni kazi ya punda, ndipo akachagua nyumbu, yule mtoto wa punda na farasi. (Huku kwetu ukisema nyumbu watu wanafikiria wale wa Maasai Mara, lakini hao hawabebi mizigo ya mtu.) NiFi ilianzia ndani ya shirika la ujasusi la Marekani, NSA, ikatolewa bure kwa umma mwaka 2014 kupitia Apache. Node-RED ilizaliwa IBM mwaka 2013. Zote tatu ni kazi nzuri, na mimi hutumia zaidi ya moja.

Sasa wenzangu tuliosoma nao sayansi ya kompyuta, walio Nairobi, huniuliza: mbona bado unahangaika na faili? Si utumie API, programu ziongee moja kwa moja?

Jibu langu ni Mfangano. Pale ni kisiwani, na ili ufike bara unapanda boti hadi Mbita. Mtandao upo siku nyingine, siku nyingine unapotea pamoja na stima. API ni kama simu: ukipiga na mwenzako hapatikani, mazungumzo hayapo. Faili ni kama barua. Inakaa mezani, inakaa kwenye flashi mfukoni mwa karani, inavuka ziwa, inapanda boda boda, na ikifika inasomwa kama ilivyoandikwa. Kwa hiyo mimi sikubali kabisa kwamba faili ni teknolojia ya kizamani. Kwa sehemu kama Nyatike ndani ndani au visiwa vya Suba, faili ndiyo njia ya kisasa, maana ndiyo inayofanya kazi. Tatizo ni kwamba tunaitumia kwa dharau. API tunaiandikia majaribio na kuiwekea ulinzi wa kila aina. Faili tunaitupa tu kwenye folda na kuomba Mungu.

Na kinachobebwa si mzaha. Homa Bay na Migori ni miongoni mwa kaunti zenye kiwango cha juu zaidi cha maambukizi ya Ukimwi nchini Kenya. Vituo vingi hutumia KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa uliojengwa juu ya OpenMRS, na hesabu za kila mwezi huishia kwenye mfumo wa taifa unaoendeshwa na DHIS2, ambao Kenya iliueneza nchi nzima mwaka 2011. Katikati ya hiyo miwili kuna faili nyingi sana: orodha za madukani, za maabara, za ufuatiliaji, majedwali ya Excel yasiyo na idadi. Ukitoka kwenye afya utakuta miwa ya Awendo ikipimwa kwa tani na omena ya Sindo ikipimwa ufuoni, na kila mahali kuna mtu anayeandika CSV. Mstari mmoja ukipotea, kuna mkulima ambaye mzigo wake haukuhesabiwa.

Twende kwenye kisanduku chenyewe. Tuanze na kuandika, maana hapo ndipo penye kituko.

Uliza programu zote tatu swali moja: nikikuambia uandike faili, na faili yenye jina hilo tayari ipo, utafanya nini? Mule 4, usipogusa kitu, inaandika juu ya ile ya zamani na kuifuta bila neno. NiFi, kwa kisanduku chake cha PutFile, inakataa na kuipeleka data kwenye njia ya kushindwa. Node-RED inaongeza mwishoni mwa faili iliyopo. Programu tatu, majibu matatu, na hakuna hata moja iliyokosea! Kila kundi la wahandisi liliwaza kazi yake lilipokuwa likichagua. Lakini fikiria fundi aliyejifunzia Node-RED, akaajiriwa kwenye mradi unaotumia Mule. Anachora mchoro uleule kwa mkono uleule, halafu data ya jana inatoweka kila asubuhi.

Nitoe mfano. Tuseme vituo vitatu vya Nyatike vinaleta faili zao kwenye ofisi moja, na kila karani ameipa yake jina ripoti.csv, maana ndilo jina linalokuja kichwani kwanza. Mchoro unasoma ya kwanza, unaisafisha, unaandika safi.csv. Unasoma ya pili, unaandika safi.csv. Ya tatu vivyo hivyo. Mwisho wa siku kuna kituo kimoja tu ndani ya faili, na skrini yote ni ya kijani. Hakuna kosa lililoripotiwa kwa sababu hakuna kosa lililotokea: programu ilifanya hasa ilichoambiwa.

"Basi tuongeze mwishoni," mtu atasema. Sawa, chagua APPEND. Sasa stima inapotea katikati ya kazi, inarudi, mchoro unaanza upya na kuziongeza tena zile rekodi zilizokwisha kuongezwa. Kituo chenye wagonjwa 60 wa dawa za ARV sasa kina orodha ya 120. Ukipeleka jumla hiyo DHIS2, yenyewe haitashangaa. DHIS2 huweka thamani moja kwa kila kituo, kipengele na kipindi, na ukiileta tena inabadilisha ile ya kwanza, kwa hiyo kurudia kupeleka hakuna shida. Shida ni kwamba jumla yenyewe ilihesabiwa kutoka kwenye faili iliyovimba. Na kuna kero nyingine ndogo ya kuongeza mwishoni: mstari wa vichwa vya safu hujirudia katikati ya data, na unaanza kuona mgonjwa anayeitwa "Jina" mwenye umri wa "Umri".

Mimi hupenda chaguo la tatu la Mule, CREATE_NEW, ambalo hukubali kuandika faili mpya tu. Jina likishatumika, linapiga kelele kwa kosa la FILE:FILE_ALREADY_EXISTS. Watu hulichukia kwa sababu linasimamisha mchoro. Mimi nalipenda kwa sababu hiyohiyo. Halafu faili naipa jina ambalo haliwezi kugongana: namba ya kituo kutoka kwenye orodha kuu ya vituo vya afya, kipindi kwa mtindo wa DHIS2, kisha saa ya kuandikwa. Kwa mfano 12345_202503_20250404-1012.csv. Jina baya la kusoma, nakubali. Lakini ukilikuta kwenye flashi iliyookotwa chini ya meza, unajua ni la nani, la mwezi gani, na lilizaliwa lini.

Kusoma nako kuna mitego yake, na mkubwa kuliko yote ni faili nusu.

Sikiliza. Kisanduku cha Mule kinachosubiri faili mpya huchungulia folda kila baada ya sekunde moja ukikiacha kama kilivyo. GetFile ya NiFi haina subira hata kidogo: umri wa chini wa faili umewekwa sekunde sifuri. Sasa karani anachomeka flashi kwenye kompyuta kuukuu na kuanza kunakili. Kunakili kunachukua sekunde ishirini. Sekunde ya kwanza tu mchoro umeshaiona faili na kuanza kuisoma. Kama ingekuwa JSON au XML ungepata kosa, kwa sababu mabano ya kufunga hayapo. CSV haina mabano ya kufunga. CSV haina mwisho! Ukiikata popote pale mwisho wa mstari, kinachobaki ni CSV halali kabisa, yenye wagonjwa wachache tu. Ndiyo maana nasema nusu faili ni hatari kuliko faili iliyoharibika, maana iliyoharibika itakuambia.

Dawa zipo ndani ya visanduku vyenyewe, ila lazima uzitafute. Mule ina mpangilio wa muda kati ya vipimo viwili vya ukubwa: inapima faili, inasubiri, inapima tena, na kama imekua inaiacha kwanza. Usipoujaza, haipimi chochote. Kwenye NiFi, ongeza ule umri wa chini, mimi huweka dakika mbili. Kama wewe ndiye unayeandika upande wa pili, andika kwanza kwa jina la muda na ulibadilishe ukimaliza. PutFile ya NiFi hufanya hivyo yenyewe: huanza na jina lenye nukta mbele, ambalo kwenye Linux ni faili iliyofichwa, na GetFile kwa kawaida haigusi zilizofichwa. Hiyo ni akili nzuri, watu wa NiFi nawapongeza. Pamoja na hayo mimi huomba mstari wa mwisho wa kila CSV useme idadi ya rekodi. Makarani wengine hunung'unika mwanzoni, lakini baada ya mwezi wenyewe ndio wanaouangalia.

Kuna mtego mwingine ambao sijauona ukielezwa vizuri popote, nao ni wa tarehe. Ili isisome faili ileile mara mbili, Mule inaweza kukumbuka tarehe ya faili ya mwisho iliyoisoma na kuchukua zile tu zilizobadilishwa baada ya hapo. Kwenye maelezo inasikika safi kabisa. Sasa rudi Mfangano. Faili imeandikwa Jumatatu. Ziwa likachafuka, boti haikutoka, flashi ikafika Mbita Ijumaa. Windows inaponakili faili huihifadhia tarehe yake ya zamani ya kubadilishwa, kwa hiyo faili inaingia kwenye folda ikiwa na tarehe ya Jumatatu. Lakini mchoro umeshasoma faili ya Alhamisi kutoka kituo kingine. Kwa hesabu yake, Jumatatu ilishapita. Faili ya Mfangano itakaa pale folda nzima ikiiona, na haitasomwa kamwe. Hakuna kosa wala onyo. Ongeza hapo zile kompyuta ambazo betri ya saa imekufa, zikiwashwa baada ya stima kupotea zinarudi mwaka 2009 au kabla, na utaelewa kwa nini kituo kinaapa kimetuma na ofisi inaapa haijapokea. Wote wanasema kweli.

Kwa hiyo kumbukumbu hiyo ya tarehe mimi huizima. Badala yake, faili ikishasomwa ihamishwe. Iliyobaki kwenye folda ya kuingilia haijasomwa, basi. Mtu yeyote anaweza kufungua folda na kuona kwa macho, hata asiyejua programu.

Na hapo tunafika kwenye swali la baada ya kusoma, ambalo kwangu ndilo lenye uzito zaidi. GetFile ya NiFi, usipoiambia vinginevyo, HUFUTA faili ikishaichukua. Ina mantiki yake, kwa sababu NiFi huhifadhi nakala kwenye ghala lake la ndani, lakini aliyezoea kuiona faili yake mezani anapata mshtuko. Mule ya kawaida haifuti, wewe ndiye unayechagua kufuta au kuhamisha. Ila chini kabisa, kwenye mipangilio ambayo wengi hawafikii, kuna swali: hatua hiyo ifanyike hata kama kazi imeshindwa? Na jibu lililokuja nalo ni NDIYO. Maana yake, ukichagua kufuta baada ya kusoma na usikiguse kijisanduku hicho, faili iliyoshindwa kusomwa itafutwa sawasawa na iliyosomwa vizuri. Tafadhali, soma tena sentensi hiyo.

Mimi hutengeneza folda tatu kila mahali, na majina nayaandika kwa Kiswahili ili karani asihitaji kuniuliza: zinazoingia, zilizosomwa, zilizokataliwa. Iliyokataliwa huenda na faili ndogo ya maandishi inayosema kwa nini. Na njia za folda naziandika kamili. Usipoijaza folda ya kazi, Mule huchukua folda ya nyumbani ya mtumiaji anayeiendesha. Ukijaribu kwenye kipakatalishi chako ni kwako. Ikiwekwa kwenye seva ni kwa mtumiaji mwingine kabisa, na faili zinarundikana mahali ambapo hakuna anayeangalia.

Juu ya yaliyomo ndani ya faili ningeweza kuandika makala nyingine, lakini niguse mawili. La kwanza ni sifuri. Fungua CSV kwa Excel, uihifadhi, na namba ya simu 0722 na kuendelea imekuwa 722. Mafundi wengi huweka kanuni kwenye kisanduku cha kubadilisha: namba ikianza na 7, iongezewe 254. Kanuni hiyo ilitosha hadi mwaka 2019, Kenya ilipoanza kutoa namba zinazoanza na 01. Na pale Isebania haijawahi kutosha. Watu wa Sirari wanavuka mpaka kuja kutibiwa na wana namba zao za Tanzania, ambazo nazo huanza na 07 ukiwa kwao. 0754 ni Vodacom kule na ni Airtel huku. Ukibandika 254 kwa lazima, ujumbe wa kumkumbusha mama wa Sirari siku ya dawa utaingia kwenye simu ya mtu asiyemjua, na hiyo ni siri ya mtu. Dawa ni kusoma kila safu kama maandishi, isiwe tarakimu, na kuwa na safu ya nchi.

La pili ni kibainishi cha ng'. Huku kwetu majina yenye ng' ni mengi mno: Ong'ondo, Ng'ong'a, Nyang'au. Word na programu nyingine huigeuza ile alama iliyonyooka kuwa iliyopinda, na iliyopinda huandikwa kwa namna moja kwenye usimbaji wa Windows na kwa namna nyingine kwenye UTF-8. Kisanduku cha kusoma kikidhani vibaya, Ong'ondo anageuka Ongâ€™ondo, mfumo unamfungulia faili mpya kama mgonjwa mgeni, na yule wa zamani anaandikwa ameacha matibabu. Mhudumu wa jamii anatumwa kumtafuta mtu aliyekuja kliniki juzi tu. Kwa hiyo jaza usimbaji wewe mwenyewe, kwenye kusoma na kwenye kuandika, na alama zote zilizopinda zinyooshe kabla ya kulinganisha majina.

Sasa kuna wanaonipinga, na hoja yao si nyepesi. Wanasema: ukihamisha faili kwenye "zilizosomwa" badala ya kuzifuta, umejenga rundo la majina, namba za vitambulisho na hali za Ukimwi kwenye kompyuta ya ofisi ambayo hata mlinzi anaweza kuifungua. Ni kweli. Kenya ina sheria ya kuzuia na kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2006 inayolinda siri ya matokeo ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inayoziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Huwezi kusema "niliziweka kwa usalama wa data" halafu flashi ikaonekana stendi ya Rongo. Lakini kufuta papo hapo nako ni kumnyima mgonjwa ushahidi pekee kwamba kituo kilimhesabu. Msimamo wangu: hifadhi, kwa muda uliokubaliwa na kuandikwa, kwenye diski iliyosimbwa, na kisanduku cha kufuta kiwe sehemu ya mchoro wenyewe. Wengine wangeweka miezi sita, mimi naona mzunguko mmoja wa ripoti na mwezi wa nyongeza unatosha, kwa kuwa hesabu za mwezi hutakiwa kuwa kwenye mfumo wa taifa kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Makosa mengi huonekana hapo.

Wengine nao wanasema tuachane na kuchora, tuandike mistari thelathini ya Python na kila kitu kiko wazi. Mimi naipenda Python, lakini tuwe wakweli. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake, wafanyakazi wengi wa miradi ya Ukimwi waliambiwa wakae nyumbani, wakiwemo watu wa data. Waliobaki walirithi mifumo ambayo hawakuijenga. Aliyerithi mchoro aliufungua na kuona, hata kama si fundi, kwamba data inatoka hapa, inapita pale, inaishia kule. Aliyerithi programu bila maelezo alirithi fumbo. Hapo kuchora kunashinda, na sitabishana na mtu.

Ila mchoro huonyesha mishale, hauonyeshi mipangilio. Picha ya mchoro unaofuta faili zilizoshindwa na picha ya mchoro unaozihifadhi ni picha ileile. Visanduku ni vilevile na rangi ni zilezile. Ndiyo maana nasisitiza majina. Kisanduku kisiitwe "Write", kiitwe "Andika faili mpya, kataa ikiwa ipo". Kingine kiitwe "Hamisha, lakini zilizoshindwa zibaki". Programu zote tatu zinakuruhusu kubadilisha jina la kisanduku, na ni kazi ya sekunde tano. Mule pia huhifadhi mchoro kama XML ya kawaida, kwa hiyo unaweza kuuweka kwenye Git na kuona ni nani aliyebadilisha OVERWRITE kuwa APPEND, na siku gani.

Na kabla ya kukabidhi mchoro wowote, mimi hufanya jaribio moja ambalo halimo kwenye mwongozo wa programu yoyote. Naweka faili ya rekodi elfu kumi za kubuni kwenye folda ya kuingilia, nasubiri ianze kusomwa, halafu nachomoa waya wa stima ukutani. Mkuu wa kituo akiwepo, namwomba auchomoe yeye. Tukiwasha tena, tunahesabu pamoja: zilizoingia ngapi, zilizoandikwa ngapi, zilizorudiwa ngapi, na faili yenyewe iko wapi. Kama kipakatalishi kina betri, itoe kwanza.